Mundu wa Heshima

Jumatatu ile Larusi aliamka kabla ya mkewe akaujaribu mkono. Akaufumba, akaufumbua. Akainua kikombe, akakiweka chini. Akazungusha kitasa cha mlango mara tatu, huku ameuinamia mkono wake kama dereva anayesikiliza injini asiyoiamini kabla ya safari ndefu. Vidole vyote vitano vilikuwa hai.

Asubuhi vilikuwa hai kila siku. Shida ilikuja pale mkono ulipoinuliwa juu ya bega ukakaa huko. Ganzi ilianzia kidole cha mwisho, ikatambaa kwenye kiganja, ikafika kwenye kiwiko, na kuanzia hapo mkono wa kulia wa Larusi ulikuwa kama mali ya mtu mwingine aliyemwachia amshikie.

Hakuna aliyejua ila Saluha, mkewe. Mwezi wa nne, siku za kuchavusha mitende, Larusi aliteleza akaanguka. Kijiji kizima cha Ras el-Ain kilijua kuwa amevunjika mbavu mbili, na kikajua pia kuwa mbavu zimeunga. Habari za mkono hakuzitoa. Angezitoaje? Alikuwa na miaka hamsini na nne, na tangu ana kumi na tisa hajafanya kazi nyingine ila kupanda mitende ya watu. Mpanda mitende hana bima, hana mkataba, hana ofisi ya kwenda kulalamika. Tende anazoshusha zinafika mezani kwa watu wa mbali zimepangwa kwenye visanduku vyenye utepe, na katika utepe ule hakuna mahali palipoandikwa kuwa mtu alianguka. Wenye mabustani wakisikia mkono wake una kasoro hawatamfukuza wala kumsema vibaya. Watasahau tu kumwita. Watamsalimia kwa upole zaidi kuliko zamani, watamuulizia watoto, na watasahau kumwita.

"Leo ukae wa mwisho," Saluha alimwambia akimkabidhi kilemba. "Karibu na ardhi."

"Nitakaa wa mwisho."

"Niapie."

"Saluha, nimeshasema wa mwisho. Nikishuka zaidi ya hapo si nitakuwa nachimba kisima?"

Saluha hakucheka. Alimtazama mkono, si uso.

Siku ile ilikuwa ya ujima katika bustani ya Khalati Hedia, yaani Mama Mdogo Hedia kama kijiji kizima kilivyomwita, mjane mwenye mitende ishirini tu ukingoni mwa kijiji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Lori la mnunuzi lilikuwa linapita kesho yake alfajiri. Siku ya ujima hakuna ujira. Watu huja na mikono yao, mwenye bustani hupika. Tende za kule hazitupwi chini, kwa kuwa tende iliyogongwa haina mnunuzi. Basi wanaume hujipanga juu ya shina, mmoja juu ya mwenzake, nyayo zikiwa kwenye vigutu vya makuti yaliyokatwa miaka ya nyuma. Kila mmoja hulikumbatia shina kwa mkono mmoja, mwingine anauacha wazi. Aliye kileleni hukata kichala na kumpa wa chini yake, huyo akampa anayefuata, hadi kichala kifike kwa wanawake waliotandika mashuka mchangani. Mnyororo wa watu, basi. Hakuna kamba, hakuna mkanda, hakuna kitu ila imani kwamba aliye juu yako hataangusha chochote.

Ndiyo maana Larusi alitaka nafasi ya mwisho. Pale, akikosea, atamkosea mchanga.

Alipofika, wenzake walikuwa wamesimama nusu duara, nyuso zao zimejaa siri. Tijani, rafiki yake tangu utotoni, mtu mwenye kitambi na mdomo usiojua kupumzika, alikuwa ameficha kitu mgongoni.

"Huyo bwana harusi!" Tijani alipaza sauti. "Tulidhani umelala na mbavu zako!"

"Mbavu zimenitangulia, mimi nilikuwa navaa viatu."

Wakacheka. Kisha Tijani akauleta mkono mbele, na ndani yake mlikuwa na mundu. Mpini ulikuwa umesafishwa, meno yamenolewa. Larusi aliuona ukija kwake kama mtu anavyomwona mbwa akija.

"Jana barazani tulikubaliana," alisema Tijani, na kwa mara ya kwanza alfajiri ile hakuwa anatania. "Tangu uanguke hujashika kilele. Leo unakishika. Kilele cha bustani hii ni chako siku nzima."

"Jamani, yupo Naji," Larusi alisema. "Kijana, mwepesi..."

"Ami Larusi, mimi nikae juu yako?" Naji alikuwa na miaka ishirini na sita, ameoa kiangazi kilichopita. "Baba yangu atanifufukia anizabe kofi."

Khalati Hedia alikuwa amesimama nyuma yao na birika la chai, macho yake yamelowa. "Mume wangu angefurahi," alisema. "Alisema siku zote, mundu wa Larusi haujeruhi mti."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kule Ras el-Ain mtu akipewa mundu siku ya ujima haukatai. Kuukataa ni kusema una kinyongo na nyumba ile, au unaitakia bustani yake mabaya. Mtu mmoja aliwahi kuukataa, kisa jino lilikuwa linamuuma, na koo mbili hazikusalimiana hadi yeye na mwenye bustani walipozikwa. Na tena, kule mtu haulizwi afya yake mbele ya watu. Ni kumvua nguo. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza: vipi, Larusi, mwili uko sawa? Walikuwa watu wema. Wema wao ulikuwa umemzunguka pande zote, na hapakuwa na pa kupitia.

Akaupokea mundu. Akajisikia akisema, "Mungu awabariki."

Mtende wa kwanza ulikuwa mfupi, vichala sita tu. Mkono ulivumilia. Wa pili, wa tatu, wa nne. Katika wa tano kidole cha mwisho kikaanza kuwasha. Larusi akaushusha mkono kati ya kichala na kichala, akajifanya anachagua. Chini yake alikuwa Naji, chini ya Naji Tijani, halafu Ferjani, mtu mkimya ambaye angeweza kukaa nawe siku nzima akakuachia maneno matatu, na chini kabisa kaka wawili wa Khalati Hedia.

"Mbona taratibu hivyo huko juu?" Tijani aliita. "Unakata au unawaaga?"

"Mwache," Ferjani alisema. "Ana adabu na mti."

"Naji, mwanangu, ukiona ghafla kiza kimetanda usidhani mvua. Ni makalio ya ami yako!"

Mnyororo wote ulitikisika kwa kicheko, na Larusi akalikumbatia shina kwa nguvu hadi ganda likamchoma kifuani. Msicheke, alitaka kuwaambia. Kwa jina la Mungu, msicheke, shikeni. Wapanda wanaojifunza huufunga mundu kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa na kamba mfukoni. Aliichukua nyumbani bila kujiambia ni ya nini. Mara mbili aliigusa. Lakini kila aliyekuwa chini angeiona, na kila aliyeiona angeelewa. Akairudisha.

Adhuhuri walikuwa wamemaliza mitende kumi na saba. Khalati Hedia aliweka sinia la kuskusi lenye nyama ya kondoo na maboga, vijiko vikachomekwa pembeni. Larusi alinawa, akakaa, akanyoosha mkono kuchukua kijiko. Vidole vikakigusa, vikakipita. Alikitazama kijiko kikiwa palepale, akakitazama kiganja chake. Akajaribu tena. Kijiko kiliinuka kidogo, kikaanguka, kikalia kwenye sinia.

Angeweza kula kwa kushoto. Nani hula kwa kushoto kwenye sinia la watu, akiwa mtu mzima, Mwislamu, baba wa watoto wanne?

"Astaghfirullah," alisema akiondoka siniani. "Nimesahau kabisa. Leo Jumatatu. Nimefunga."

Ulikuwa uongo uliomjia kama pumzi. Tijani akaacha kutafuna. "Umefunga, na umekata mitende kumi na saba?"

"Sunna tu."

Wakamtazama kwa macho ambayo angependelea asiyaone. Khalati Hedia akaweka mkono kifuani. Naji akaona haya hata kula, akapunguza tonge. Na Larusi akaenda kukaa peke yake kwenye kivuli, njaa imemkaba, kinywa kimekauka, hawezi kunywa hata funda la maji mbele ya watu, akiukanda mkono ndani ya kanzu kama mtu anayemfufua ndege. Hesabu ilikuwa imebadilika. Asubuhi alikuwa na mkono mbovu. Sasa alikuwa na mkono mbovu, tumbo tupu, kiu, na sifa ya ucha Mungu.

Ilibaki mitende michache, na mmoja wao ulikuwa ule mrefu uliopandwa na baba wa mumewe Khalati Hedia. Wanawake waliuita Bibi. Kutoka kileleni ziwa la chumvi lilionekana lote, jeupe. Vichala vyake vilikuwa kumi na nne, vizito kuliko vya mtende mwingine wowote bustanini.

Larusi alipanda. Alipokuwa katikati, mkono ulirudi kidogo, akamshukuru Mungu. Akafika chini ya makuti, akajikalisha, akasikia wenzake wakipanga nyayo zao mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema "tayari" kutoka chini kuja juu. Sauti ya Naji ilikuwa ya mwisho. Ilitetemeka kidogo, Larusi alidhani ni upepo.

Kichala cha kwanza kilishuka salama. Cha pili. Cha tatu. Ili kukifikia cha nne ilibidi mkono wa mundu upite juu ya kichwa, ukae huko, ukereze. Akakereza. Akasikia kikonyo kikikatika, akasikia uzito wa kichala ukiingia mkono wa kushoto, na mkono wa kulia hakuusikia kabisa. Aliinua macho autazame. Aliviona vidole vyake vikifunguka, kimoja kimoja, polepole, bila haraka yoyote. Aliviamrisha vifunge. Vilimpuuza.

Mundu ukaenda.

Uling'aa mara moja kwenye jua. Ulipita kando ya shingo ya Naji, ukachana mkono wa shati lake, ukagonga kigutu, ukaruka nje ya mnyororo na kuchomeka mchangani hatua moja kutoka kwenye shuka walipokaa wanawake.

"Nipo," Naji alisema hatimaye. Alikuwa analigusagusa sikio lake. "Nipo mzima. Shati tu."

Larusi alikuwa bado ameshika kichala kwa kushoto, miguu imebana. Akangoja wamtukane. Alihitaji wamtukane.

"Jasho hilo, ami," Naji alisema. "Mpini umelowa."

"Saumu," Tijani akasema kutoka chini yake. "Mtu amefunga, jua la saa nane hili, mlitaka nini?"

"Na mpini wenyewe wa zamani," akasema Ferjani.

"Shetani alaaniwe!" Khalati Hedia aliita. "Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mpelekeeni mundu wake."

Akauchomoa mchangani, akaufuta kwa upindo wa nguo, akampa kaka yake. Naye akaupitisha juu. Larusi akautazama ukipanda. Ulipanda njia ileile ya vichala, mkono kwa mkono, kinyumenyume, na kila aliyeupokea aliupangusa kidogo kabla ya kuutoa. Kaka wa pili. Ferjani. Walikuwa wameshamsamehe. Walikuwa wamemtafutia sababu tatu nzuri kwa muda wa pumzi nne, na kila sababu ilikuwa imempandisha juu zaidi. Ukifika kwake ataupokea, atasema samahani, jasho, naye atakata kichala cha tano, cha sita, na katika kimoja kati ya hivyo mundu utampata Naji. Alijua. Alijua kama alivyolijua jina lake. Na akisema, kesho ni nani atamwita? Atafanya nini, atauza njugu stendi? Tijani alikuwa ameushika mundu. Tijani akampa Naji. Naji akainua mkono.

"Haya, ami. Bismillahi."

"Usinipe."

"Ami?"

"Usinipe, Naji. Mkono umekufa."

"Umechoka, vuta pumzi kidogo, sisi tuna..."

"Sijachoka!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, ikafika hadi chini. "Mkono unakufa. Tangu mwezi wa nne unakufa. Na sijafunga. Sikuweza kushika kijiko."

Hakuna aliyesema jasho.

Kisha Tijani, kwa sauti ambayo Larusi hakuwahi kuisikia kwake, akasema, "Tunashuka. Wote. Naji, usimwache."

Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko mitende yote ya asubuhi. Kichala kilipita kwanza. Halafu mnyororo ukateremka pamoja, kigutu kwa kigutu. Naji aliweka bega lake chini ya paja la Larusi, akamshika kifundo cha mguu, akamwekea unyayo mahali pake. Larusi alilikumbatia shina kwa kushoto, mkono wa kulia ukining'inia ubavuni. Mara moja kigutu kilikatika na wote sita wakaganda. Larusi akasikia moyo wa Naji ukigonga kwenye goti lake.

Walipogusa mchanga Tijani alimkamata kwa kanzu.

"Miezi saba!" Alikuwa analia kwa hasira, mate yakimtoka. "Miezi saba nakunywa chai na wewe! Huyu ana mke nyumbani, Larusi! Ungemwambia nini mkewe? Ungemwambia ulisahau?"

"Nyinyi mlinipa mundu."

"Ungesema!"

"Nikisema, utaniita msimu ujao?" Larusi alimtazama usoni. "Jibu, Tijani. Wewe ndiye unayepanga watu. Utaniita?"

Tijani akaiachia kanzu.

Larusi akakaa chini. Basi, alijiambia, imekwisha. Miaka thelathini na mitano imekwisha mbele ya wanawake na mashuka yao. Aliingojea hofu imuachie, kwa sababu alichokuwa anakiogopa kilikuwa kimeshatokea, lakini haikumuachia. Ilibadili tu mahali pa kukaa.

"Nitamaliza mimi," Naji alisema ghafla. Hakungoja ruhusa. Alikuwa ameshaushika mundu kwa meno, ameshalirukia shina, anapanda haraka kama mtu anayekimbia kitu kilichoko chini.

"Jicho langu la kushoto," Ferjani akasema.

Wote wakageuka.

"Halioni," Ferjani aliendelea, akitazama miguu yake. "Mwaka wa pili huu. Vichala navipokea kwa kusikia sauti."

Khalati Hedia alikuwa amesimama katikati yao, mikono yake imejaa unga wa tende. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowalisha adhuhuri ile, watu waliokuwa tayari kufa bustanini mwake kwa adabu. "Mwingine?" aliuliza. "Nauliza, mwingine! Tijani?"

"Kizunguzungu," Tijani alisema polepole. "Nikitazama chini. Ndiyo maana nachekesha watu, nisitazame." Alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Basi tende zikae hukohuko," alisema Khalati Hedia. "Lori likija litachukua zilizoshuka. Naji! Shuka, mwanangu!"

Juu, makuti yalitikisika. Mundu ukashuka, safari hii umefungwa kwenye kilemba, ukaanguka kwa kishindo kidogo. Naji mwenyewe hakuonekana.

"Naji?"

"Siwezi." Sauti ilikuwa nyembamba. "Miguu haitaki. Tangu ule mundu unipite, haitaki. Nilidhani nikipanda haraka itaniacha."

Hakuna aliyesogea. Ferjani akainua uso wake wenye jicho moja. Tijani akatazama juu, akafumba macho, akashika bega la kaka wa Khalati Hedia.

Larusi akasimama. Akalikaribia shina, akaweka kiganja cha kushoto juu yake, kile kilichokuwa kinasikia.

"Naji, namjua Bibi kuliko wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia, ami."

"Una hofu kiasi gani?"

"Sana. Tangu siku ya kwanza ya kazi. Kila siku."

"Na mimi. Sasa, mguu wa kulia, chini kidogo, upande wa ziwa. Kuna kigutu kipana. Kitafute kwa kidole gumba. Usitazame."

Makuti yakacheza. "Nimekipata."

"Usikikanyage bado. Kijaribu."

"Kinacheza."

"Kinacheza kweli. Kiache. Kuna kingine kushoto kwake."

Waliokuwa chini walisikia ganda likimomonyoka, punje zikawaangukia usoni. Hakuna aliyepangusa. Unyayo mweupe wa Naji ulitokeza chini ya makuti, ukatapatapa hewani, ukagusa, ukatulia.

"Hicho ni kigutu kimoja," alisema Larusi. "Tuna thelathini na kitu. Unatetemeka, nauona mti unatetemeka. Tetemeka tu, mwanangu, lakini shika."

Na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia Naji kwamba kutetemeka kule ni jua tu.